Mchikichi na baridi ya Ufipa: kabla hujachukua mkopo, soma hapa kwanza

Najua nimekuwa kimya. Mambo ya kusajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku yalinibana mpaka nikakosa hata muda wa kujibu meseji zenu. Leo nimekaa chini kwa sababu kuna jambo limenisumbua tangu wiki iliyopita.

Walikuja ofisini vijana sita, kikundi kilichosajiliwa, wana katiba yao na akaunti benki, na mkononi wana andiko la mradi. Wanataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao asilimia 4 ni ya vijana. Mradi wenyewe ni michikichi ekari tano, katika kijiji kilichopo huku juu uwandani, upande wa kuelekea milima ya Mbizi. Walitaka niandike barua fupi kwamba eneo linafaa kwa zao hilo. Sikuandika. Walinuna, na mmoja wao akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka: "Mtaalamu, mbona kwako pale nyumbani michikichi ipo na inaishi?"

Ni kweli ipo. Ndiyo sababu nataka niwaeleze habari yake yote, hata pale panaponiaibisha.

MICHE YANGU 30

Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikwenda Kigoma na kampeni ya kufufua zao la michikichi ikaanza kwa nguvu. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora aina ya Tenera. Redioni kila siku michikichi, kwenye vikao vyetu michikichi. Nchi yetu inaagiza mafuta ya kula kwa wingi kutoka nje, kwa hiyo hoja ilikuwa na mashiko. Na mimi nilikuwa na miaka michache tu tangu nitoke chuo na stashahada yangu, moto umewaka, nikajiambia kwa nini Kigoma tu, na sisi Rukwa si tuko kwenye ziwa lilelile?

Nikaagiza miche 30 kupitia mtu aliyekuwa akitokea Kigoma, nikaipanda Desemba 2019 kwenye shamba la familia nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Mashimo niliyachimba vizuri, samadi ya ng'ombe, nafasi mita 9 kwa 9 kama tulivyofundishwa. Mvua zile zote miche ilipendeza. Majirani wakawa wanapita kuangalia.

Ikaja Juni. Wewe uliyezaliwa hapa unaijua Juni ya Ufipa, asubuhi unatoka na blanketi. Jani jipya la katikati, lile linalosimama kama mkuki, liligoma kufunguka. Lilisimama hivyohivyo Juni, Julai, Agosti, na ncha za majani ya zamani zikageuka kahawia. Oktoba joto liliporudi, likaanza kutembea tena. Mwaka uliofuata niliweka alama ya rangi kwenye kila jani jipya ili nihesabu. Mchikichi uliotulia mahali pazuri hutoa majani karibu mawili kwa mwezi, kwa mwaka 20 hadi 24. Wa kwangu uliofanya vizuri kuliko yote ulitoa 9.

Miche minne ilikufa kwa moto wa nyasi, ule wa Septemba ambao hakuna anayekiri ameuwasha. Mingine ililiwa na mchwa, mingine ng'ombe waliachiwa baada ya mavuno wakaja kuitafuna. Leo imebaki 11. Mitatu imeshatoa maua, na maua hayo yote ni madume isipokuwa mkungu mmoja mdogo ulioota ukakauka kabla chikichi hazijafika ukubwa wa punje ya hindi. Huu ni mwaka wa tano na kitu tangu nipande, wakati Tenera mahali pake huanza kuvunwa mwaka wa tatu au wa nne.

Sasa hiyo ni hasara yangu, na nina mshahara. Kilichonifanya nisiandike ile barua ni kingine. Mwaka ule wa 2019, kabla sijajua lolote, nilimshauri kijana mmoja wa kata yangu naye apande. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba "baridi yetu si kali kiasi hicho." Alipanda 60. Hela ilitoka kwa baba yake, ambaye aliuza maksai wawili. Mnajua maana ya maksai kwenye familia ya Kifipa: tangu hapo wanakodi plau, na anayekodi hulima baada ya mwenye ng'ombe kumaliza shamba lake, kwa hiyo mahindi yao huchelewa kila mwaka. Nikikutana na yule kijana ananisalimia vizuri tu, wala hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye nisiyeweza kumwangalia machoni.

BARIDI INAFANYA NINI HASA

Watu wengi wanadhani baridi inaua mchikichi, kwa hiyo wakiuona umesimama wanasema "si huu hapa, umekubali." Baridi ya kwetu haiuui. Inaufungia. Mche wa mchikichi ukikaa kwenye nyuzi 15 za Sentigredi hukaribia kusimama kabisa kukua. Mti unataka wastani wa nyuzi 24 hadi 28, na usiku usishuke sana chini ya 18.

Fanya hesabu hii mwenyewe, haihitaji digrii. Ziwa Tanganyika lipo mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga mjini tupo kati ya mita 1,700 na 1,800. Tofauti ni mita 1,000. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, tuseme 0.6. Kwa hiyo ukitoka Kasanga mpaka hapa umepoteza kama nyuzi 6. Kigoma, ambako mchikichi umezoea, wastani wa mwaka ni nyuzi 24 hivi. Toa 6, unabaki na 18. Hiyo 18 ni wastani wa usiku na mchana, kiangazi na masika. Usiku wa Julai tunashuka chini ya hapo mbali sana.

Halafu kuna ukame. Kwenye nchi za michikichi kweli kweli, kama Malaysia, mvua hunyesha karibu kila mwezi na kwa mwaka hufika milimita 2,000 au zaidi. Kigoma wanapata kama nusu ya hiyo na wana kiangazi cha miezi minne au zaidi, ndiyo maana hata Kigoma mti hauzai kama wa Malaysia. Yaani mchikichi wa Kigoma tayari umebeba mzigo mmoja kichwani. Wewe ukiupandisha Ufipa unauongezea baridi juu ya ukame uleule, kwa sababu na sisi kuanzia Mei mpaka Oktoba hatuna tone.

Sasa sikia jambo ambalo mimi nililielewa nimechelewa. Mchikichi hutoa maua madume na maua majike kwenye mti mmoja, lakini kwa zamu. Kila jani lina chipukizi la ua kwenye kwapa lake, na mti "huamua" kama litakuwa dume au jike karibu miaka miwili kabla mkungu haujavunwa. Ukiwa na shida, iwe ni kiu, njaa au baridi, unaelekea udume. Mantiki yake ipo: kuzaa mkungu wa kilo 15 au 20 kunahitaji nguvu nyingi, ua dume halihitaji. Kwa hiyo kiangazi cha mwaka huu utakiona kwenye mavuno ya miaka miwili ijayo, na ukianza kumwagilia leo kwa sababu umeona maua madume, umechelewa miaka miwili. Hata ua jike likitokea, baridi inaweza kulifanya lidondoke. Na yule mdudu mdogo anayechavusha michikichi ni wa nchi za joto, sijawahi kumwona kwenye michikichi yangu hata siku moja.

Ndiyo maana nawaambia msije kupima zao hili kwa kuangalia kama mti umesimama. Uliza jirani yako amekamua dumu ngapi za mawese.

"LAKINI KUNA MBEGU ZA KUVUMILIA BARIDI"

Kijana mmoja wa kile kikundi alikuwa amejiandaa, akanitolea simu na kunionyesha habari za mbegu za michikichi zinazostahimili baridi. Nampongeza, na habari ile ni ya kweli. Kampuni ya ASD ya Costa Rica ilitengeneza machotara yake kwa kutumia mama wawili waliotoka sehemu zenye baridi kidogo: kundi moja kutoka nyanda za juu za Bamenda kule Kameruni, na kundi la pili, mtashangaa, linaitwa Tanzania, kwa sababu mama zake walichukuliwa hapa nchini kwetu. Baba yao ni aina iitwayo Ekona, nayo ya Kameruni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisaidia kuzipeleka mbegu za namna hiyo magharibi mwa Kenya, Malawi, Zambia na Ethiopia.

Basi angalia ramani. Magharibi mwa Kenya, pale karibu na Ziwa Victoria, ni mita 1,200 mpaka 1,400 hivi, na wao wana misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mbegu iliyoweza kuzaa pale imevumilia mita 1,200 zenye mvua. Sisi tunaongelea mita 1,800 na miezi sita mikavu. Zile mita 600 za juu ni zaidi ya nyuzi tatu nyingine, na nyuzi hizo ndizo zilizobaki kati ya kuzaa na kutozaa.

Sisemi haitawezekana milele. Nasema usiwe wewe wa kujaribu kwa hela ya mkopo inayotakiwa kurudi. Ukitaka kujaribu, panda miche mitatu nyuma ya nyumba, nunua kipimajoto kile kinachoonyesha joto la juu na la chini, kining'inize kivulini usawa wa kifua, na uandike daftarini kila asubuhi kuanzia Mei mosi mpaka mwisho wa Agosti. Ukikuta usiku mwingi upo chini ya 15, umepata jibu kwa bei ya kipimajoto.

Na habari ya mbegu kwa ujumla: kuna mtindo wa kuokota chikichi chini ya mti wa Tenera wa mtu, kufukia, na kuuza miche kama "mbegu ya kisasa." Ni udanganyifu hata kama muuzaji mwenyewe hajui. Tenera ni mtoto wa Dura mwenye kifuu kinene na Pisifera asiye na kifuu. Ukipanda mbegu za Tenera zilizochavushwa na Tenera mwenzake, katika miche minne tegemea miwili iwe Tenera, mmoja urudi kuwa Dura, na mmoja uwe Pisifera ambayo kwa kawaida mikungu yake huharibika. Robo ya shamba lako haizai na utaigundua mwaka wa nne. Halafu mbegu ya mchikichi haioti kirahisi. Kitaalamu huwekwa kwenye joto la nyuzi 39 au 40 kwa siku 60 hadi 80 ndipo iamke. Kwa hiyo nunua miche iliyotoka kwenye chanzo kinachojulikana kama TARI, na udai karatasi.

BASI TWENDE CHINI

Mkoa wetu una bahati ambayo mikoa mingi haina: ukishuka saa chache umebadilisha hali ya hewa. Kwenye mwambao wa Tanganyika, yaani Kasanga upande wa Kalambo, na Kirando, Kipili na Kabwe upande wa Nkasi, upo kwenye mita 800 hivi na usiku wake una joto. Huko ndiko mchikichi wa Rukwa unakotakiwa kukaa, na wazee wa huko hawahitaji mimi niwaambie. Lami ya kwenda Kasanga bandarini imerahisisha mambo sana.

Ila kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, ardhi ya mwambao ni kidogo, milima imeukaribia mno mji na ziwa, kwa hiyo tafuta mabonde ya mito inayoshuka. La pili, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Usinunue eneo la "pembeni ya maji kabisa" ukadhani umelamba dume. La tatu, mkataba upite serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, msikubali karatasi ya mtu mmoja. Mchikichi unakaa shambani zaidi ya miaka 25, na wewe ni mgeni pale.

Wengine mnaniuliza Bonde la Ziwa Rukwa, Muze, Mtowisa, Ilemba. Joto lipo la kutosha, hata linazidi. Shida ya huko ni maji. Pale penye mto usiokauka au chini karibu na maji ya ardhini jaribuni, lakini penye maji ya namna hiyo wenzetu wanalima mpunga, na mpunga unalipa mwaka uleule. Piga hesabu kabla ya kung'oa jaruba.

Kwa mliobaki juu na mnataka biashara ya mafuta, alizeti ipo. Najua haina mvuto, kila mtu analima alizeti. Lakini unapanda Desemba au Januari na kabla ya mwaka kwisha umeshakamua, na baridi ya Juni inakuta umeshavuna. Sitaendelea hapo, nimeshaandika sana juu ya alizeti.

MITI YA AINA HII INAYOIPENDA UFIPA

Hapa ndipo niliwarudisha wale vijana baada ya siku mbili, maana sikutaka waondoke mikono mitupu. Niliwauliza: katika michikichi, mlichokipenda ni nini? Mmoja akacheka akasema, "Kusema ukweli mtaalamu, inapendeza."

Ukizunguka Sumbawanga mjini sasa hivi utaona gesti mpya, nyumba za ghorofa, makanisa, ofisi, na kila mwenye nyumba anataka ile miti mirefu ya jamii ya minazi langoni. Anaagiza Mbeya au Dar es Salaam. Anayeletewa mara nyingi ni ule mnazi wa kifalme wenye shina jeupe nene, mti wa nchi za joto kutoka Kuba na visiwa vyake. Ukifika hapa unafanya kama mchikichi wangu: kila Julai njano, kila Julai njano, mwisho mwenye nyumba anaukata. Na kumbe ipo jamii ileile inayovumilia baridi kuliko hii yetu mara kumi.

Wa kwanza ni mkindu, na huu si mgeni. Ni mti wa Afrika, unaota mwenyewe kandokando ya mito kuanzia pwani mpaka nyanda za juu. Mama zetu wanaujua kwa ukili na mikeka. Uzuri wake kwa mazingira yetu ni huu: miti mingi ya jamii ya minazi ina kichwa kimoja tu cha kukulia, kile cha juu kabisa, na kikiungua au kikiliwa, mti umekwisha, hauwezi kuchipua kwingine. Mkindu huota kwa kichaka, una mashina kadhaa na machipukizi chini. Moto ukipita, shina moja linakufa, mengine yanaendelea. Ukitaka uonekane mrefu na safi, acha mashina matatu au manne na uwe unatoa machipukizi, usiyaache yakawa kichaka.

Wa pili ni ndugu yake wa visiwa vya Canary, shina nene kama pipa na kichwa kikubwa cha majani. Unavumilia mpaka chini ya sifuri, barafu kabisa, kwa hiyo Julai yetu kwake ni mchezo. Unakua polepole na unataka jua la kutosha. Ukiuza huu, mwambie mteja ukweli kwamba nafasi yake ni mita 8 kutoka ukutani, si ile mita moja anayoifikiria.

Wa tatu unaitwa Washingtonia, wenyeji wa Meksiko, ndio mwembamba unaopanda juu kama nguzo ya umeme hadi mita 20 na zaidi. Unakua haraka kuliko wenzake wote niliowataja, na ukishashika mizizi unavumilia ukame. Majani yake makavu hubaki yananing'inia kama sketi, na sketi hiyo kwa mioto yetu ni petroli, kwa hiyo ikatwe.

Na upo wa Uchina, Trachycarpus, wenye shina la manyoya, ambao unaishi nje hata Uingereza kwenye theluji. Huo nautaja tu mjue baridi si kikwazo kwa jamii yote hii. Sijauotesha mwenyewe, kwa hiyo sina la kuwafundisha.

Mbegu za kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Usimtume mtu akufichie mfukoni, wadudu na magonjwa ya minazi huhama kwa njia hiyohiyo. Kwa kuanzia, mkindu unaokota mtoni kwa ruhusa ya kijiji, na ile mingine miwili ipo kwenye baadhi ya bustani za mijini, ikizaa unaomba mbegu.

KITALU CHENYEWE

Okota mbegu zilizoiva, toa nyama yote, loweka kwenye maji siku mbili au tatu na uyabadilishe kila siku. Mkindu na ndugu zake wana tabia ya pekee: kabla hujaona jani, mbegu hushusha kitu kama mzizi chini kabisa, na jani hutokea pembeni baadaye. Ndiyo maana viriba vifupi vya miche ya mikaratusi havifai, mzizi unagonga chini na kujikunja. Tumia viriba virefu, na usiwe na haraka ya kufukua kuangalia kama imeota. Wengi wameua mbegu zao kwa kufukuafukua. Anza Septemba au Oktoba joto linapopanda. Ukianza Mei utangoja mpaka ukate tamaa.

Kupanda shambani au kwa mteja fanya mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, usingoje Machi. Mizizi ya miti hii hutembea kwenye udongo wenye joto, kwa hiyo unataka upate miezi mitano kabla baridi haijafika. Mche ukae usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba. Ukifukia moyo wake utaoza. Weka matandazo ya nyasi lakini yasiguse shina. Udongo wetu umechoka, na kwa hili wazee wa Kifipa walitutangulia kwa yale matuta ya kuzika nyasi: mwaka mmoja kabla, zika nyasi na samadi pale utakapochimba shimo, utaona tofauti.

Kitu kimoja kuhusu maji miaka mitatu ya kwanza, na hapa niwaombe mtulie. Shina la mti wa jamii hii halinenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe. Linajenga unene wake chini kwanza, likishaanza kurefuka unene ule ndio umebaki. Ukiunyima maji na chakula mwaka mmoja, shina la mwaka huo hutoka jembamba na kile kiuno utakiona mpaka mti unazeeka. Mteja anayelipia mti wa mapambo anakiona pia. Kwa hiyo kiangazi ndoo moja kwa wiki kwa kila mti, mpaka mvua irudi.

Usikate majani mabichi ili mti "uonekane umepanda." Majani ya zamani yakianza njano, mti unahamisha chakula kutoka kwayo kwenda kwenye majani mapya, hasa potasiamu na magnesiamu. Ukiyakata umeukatia akiba. Subiri yakauke.

Mahali pa kupanda, epuka mabondeni. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama bondeni kama maji. Katikati ya mteremko ni pazuri kuliko chini, na kuliko kileleni ambako upepo wa Julai na Agosti unachana majani. Fyeka barabara ya moto ya mita 3 kuzunguka eneo mwezi Juni kabla nyasi hazijakauka kabisa. Weka uzio, hata wa miba, kabla ng'ombe hawajaachiwa.

Soko la miti ya mapambo Sumbawanga ni dogo, msije mkaotesha miche 5,000 mkasema nimewaambia mimi. Nendeni kwanza kwa mafundi wanaojenga na wenye gesti, mpate oda za maneno hata kumi, ndipo muotesha 200. Muuze ya mwaka wa pili na wa tatu, si midogo, kwa sababu mtu wa gesti hana subira.

Kile kikundi kimegawanyika, wala sioni ubaya. Wawili wameanza kukusanya mbegu za mkindu. Wanne bado roho yao ipo kwenye mawese, na nimekubali kwenda nao Kasanga Jumamosi ya wiki ijayo kuona maeneo na kuongea na mtendaji wa kijiji. Yule kijana wa maksai nimempigia nikamwambia aje. Amesema ataangalia kama atapata plau wiki hiyo, akikosa atakuja. Gari lina nafasi mbili, anayetaka aniambie kabla ya Alhamisi, nauli kila mtu yake.